Makisio, Makadirio na Zabuni: Historia ya Maneno ya Bei katika Kazi za Lami na Mistari

Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno matatu ambayo mtumishi wa ofisi ya umma huyaandika pengine mara kadhaa kwa mwezi, nayo ni makisio, makadirio na zabuni. Yote matatu hutaja bei ya kazi kabla kazi yenyewe haijafanywa. Kwa sababu hiyo yamezoea kuandikwa moja badala ya jingine, kana kwamba ni kanzu tatu za mtu mmoja. Tunakusudia kuonyesha, kwa kuifuata historia ya maneno hayo, kwamba sivyo. Na kwamba kosa hili la lugha lina hasara ya fedha, ambayo aghalabu humwangukia mwenye mfuko mdogo.

Kilichotufanya tulichunguze jambo hili ni jalada moja lililoletwa kwetu kutoka Mkoa wa Kagera ili lugha yake ikaguliwe. Taasisi moja mjini Bukoba ilitaka eneo lake la maegesho ya magari lipakwe lami upya na kuchorwa mistari. Kikundi cha vijana kutoka Muleba kiliandika barua yenye kichwa cha maneno "Makisio ya Kazi", na ndani yake kikataja jumla ya fedha. Barua ya kujibu iliiita jumla hiyo "zabuni yenu". Mkataba uliofuata ukaiita "makadirio yaliyokubaliwa". Vijana walipofika na kupima waliona kwamba eneo ni kubwa kuliko walivyodhani, na kwamba lami ya zamani imechakaa mno. Wakaomba bei irekebishwe. Wakajibiwa kwamba bei ya zabuni haibadiliki. Nao wakasema kwamba hawakuzabuni, bali walikisia tu. Kila upande ulikuwa na karatasi ya kuuthibitisha, na kila upande ulisema kweli kwa mujibu wa neno lake. Kazi ilimalizika, na hasara ikabaki kwa kikundi.

Hatuna nia ya kuamua nani alikuwa na haki. Swali letu ni la wanaistilahi: je, ilikuwaje fedha ile ile ikapata majina matatu, na majina hayo yalitoka wapi?

Kazi Yenyewe

Mfasiri hawezi kulichagulia neno jambo asilolielewa. Kwa hiyo hapana budi tuanze na kazi yenyewe.

Lami iliyokaa juani na mvuani kwa miaka hupauka, hukauka na kupata nyufa. Maji yakipenya katika nyufa hizo huudhoofisha msingi ulio chini, na hatimaye mashimo hutokea. Ili kuzuia hali hiyo, eneo hufagiliwa, nyufa huzibwa, mashimo hutiwa viraka, kisha uso wote hupakwa utando mwembamba wa lami iliyochanganywa na maji. Mafundi hupendelea tabaka mbili nyembamba kuliko moja nene, kwa kuwa nene hukawia kukauka na huweza kubanduka. Mistari huchorwa mwisho, utando ukisha kukauka; anayeichora kabla ataizika kwa mkono wake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa eneo lenye nafasi 20 za magari katika safu moja, kila nafasi ikiwa na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, na mbele yake njia ya magari yenye upana wa mita 6. Safu ina urefu wa mita 50. Nafasi zenyewe ni mita za mraba 250, njia ni mita za mraba 300, na jumla ni 550. Ikiwa kila tabaka la utando huhitaji nusu lita kwa mita ya mraba, tabaka mbili zitahitaji lita 550. Aliyelipima eneo kwa macho akaliona kuwa la mita za mraba 500 atapungukiwa na lita 50 kabla hajaanza kazi. Tena uso uliochakaa hunywa lami nyingi kuliko uso ulio mzima.

Mistari nayo ina hesabu yake. Nafasi 20 hutengwa kwa mistari 21, si 40, kwa sababu majirani wawili hushiriki mstari mmoja. Mistari 21 ya mita 5 ni mita 105. Mstari wenye upana wa sentimita 10, ukipakwa rangi mbichi yenye unene wa milimita 0.4, hutumia lita 1 kwa kila mita 25. Basi lita 4 na kidogo zatosha. Anayehesabu mistari miwili kwa kila nafasi atapata mita 200 na lita 8, yaani karibu mara mbili. Atakuwa amejinyima kazi kwa bei ya juu, au amemtoza mwenye eneo fedha za rangi isiyotumika.

Juu ya hayo kuna gharama zisizopimwa kwa mita. Bukoba iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, na vifaa vingi hufika kwa safari ndefu ya barabara au kwa kuvuka Ziwa Viktoria kutoka Mwanza. Gari linaloleta lami na mashine hugharimu kiasi kile kile, liwe linakwenda kwenye nafasi 20 au 200. Tena Bukoba hupata mvua ya wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na mwezi wa Aprili huzidi miezi mingine yote. Utando wa lami huhitaji walau siku moja ya ukavu. Anayepanga kazi ya Aprili kwa hesabu za Julai atawalipa vibarua kukaa chini ya mti wakingoja mvua ikatike.

Twaona basi kwamba kuijua bei ya kazi hii ni jambo la kupima. Lakini je, lugha yetu ilipataje maneno ya kulisemea jambo hilo?

Zama za Kazi Isiyo na Bei

Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Walitawala hadi 1916, Waingereza wakafuata. Katika tawala hizo mbili njia nyingi zilifyekwa na kutunzwa kwa nguvu za watu waliotolewa kazini kupitia kwa watawala wa jadi, yaani Abakama na wasaidizi wao, katika falme za Kiziba, Kianja, Ihangiro na nyinginezo. Ihangiro ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo. Kazi ya namna hiyo ilikuwa na vipimo, kwa kuwa kila kijiji kilijua kipande chake cha njia, lakini haikuwa na bei. Na kazi isiyo na bei haihitaji neno la makadirio. Yahitaji neno la amri tu.

Bei za barabara zilikuwapo katika vitabu vya idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi aliyevunja kokoto hakuviona vitabu hivyo. Hivyo dhana ya kutaja bei ya barabara kabla ya kuijenga ilikua nje ya Kiswahili kwa muda mrefu, ingawa Kiswahili chenyewe kilikwisha kuwa lugha ya soko, ya shule na ya utawala wa wilaya.

Hata hivyo wakulima wa Bukoba na Muleba walikuwa na shule yao ya kukisia, nayo ilikuwa shambani. Tunazungumzia butura. Katika butura mnunuzi huitazama kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, akakisia mavuno yake, akamlipa mkulima kabla ya kuvuna. Mkulima hukubali kwa sababu ana shida ya leo: karo, ugonjwa au msiba. Msimu ukija kuwa mzuri, faida yote ni ya mnunuzi. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na tangu enzi za ushirika huo hadi sasa mkulima amehimizwa kuipeleka kahawa yake kwenye mizani. Viongozi wa mkoa nao wameipiga butura marufuku mara nyingi.

Tumeitaja butura kwa sababu inafunua kiini cha suala letu kuliko kamusi yoyote. Ubaya wa butura hauko katika kukisia, maana kila mkulima hukisia. Ubaya uko katika kuyageuza makisio kuwa bei ya mwisho kabla mizani haijasema. Vijana wale wa Muleba walifanyiwa butura ya lami. Tofauti ni kwamba safari hii aliyekisia ndiye aliyepata hasara.

Makisio na Makadirio

Neno kisia na neno kiasi ni ndugu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kupima na kulinganisha. Lakini Waswahili waliwagawia ndugu hawa kazi mbalimbali. Kiasi kilibaki na kipimo. Kukisia kukawa kupima kwa jicho na kwa uzoefu, bila kamba wala mizani. Nahodha hukisia umbali wa pwani, mpishi hukisia chumvi. Hakuna aibu katika kukisia, mradi msikilizaji ajue kwamba amekisiwa.

Kadiri nalo ni la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuweka kiwango. Katika Kiswahili lilishika njia ya heshima zaidi. Mwenyezi Mungu hukadiria. Mtu mwenye busara hujikadiria. Na serikali huwasilisha Bungeni kila mwaka Makadirio ya Mapato na Matumizi. Huko Bungeni hayaitwi makisio ya mapato na matumizi, na hiyo si bahati. Wasikilizaji walitambua kwamba fedha za nchi haziwezi kutajwa kwa jicho.

Mwaka 1967 ndio uliozisukuma dhana hizi ofisini. Mwezi wa Januari mwaka huo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Na mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Makarani na wahandisi waliojifunza kazi yao kwa Kiingereza walitakiwa kuandika kwa Kiswahili, pengine katika juma lile lile. Hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa makisio na kwa makadirio, na humwachia msomaji ajue kutokana na muktadha. Mfasiri wa Kiswahili alipokutana na neno hilo alikuwa na maneno mawili mkononi, akaandika lolote lililomjia kwanza. Utajiri wa lugha yetu ukageuzwa kuwa vurugu kwa sababu tu lugha tuliyofasiri kutoka kwake ilikuwa maskini mahali hapo.

Wenye taaluma hawakupotea. Bodi inayowasajili wataalamu wa kupima na kuhesabu gharama za ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, inaitwa kwa Kiswahili Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mtaalamu huyo ni mkadiriaji, si mkisiaji. Jina hili lastahili kusifiwa, maana limeiweka tofauti mahali ambapo kila mtu aweza kuiona, yaani juu ya mlango wa ofisi.

Zabuni: Neno Lililogeuka Uso

Historia ya zabuni ni ya ajabu zaidi. Neno hili latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mteja au mnunuzi, na makao yake ya kwanza katika Kiswahili ni mnadani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hulieleza kuwa ni kutaja bei katika mnada. Mnadani wanunuzi hushindana kupanda: huyu asema kumi, yule kumi na mbili, na mshindi ni aliyetaja bei kubwa.

Neno hili lilipohamishiwa katika kazi za ujenzi liligeuka uso. Sasa wanaoshindana ni wauzaji wa kazi, nao hushindana kushuka. Na aghalabu apewaye kazi ni mwenye bei ndogo kati ya waliotimiza masharti. Kilichobaki katika maana ya zamani ni kitu kimoja tu, lakini ndicho kikubwa: ahadi. Mnadani aliyetaja bei nyundo ikagonga hawezi kusema kwamba alikuwa akitania. Hali kadhalika aliyezabuni kazi amejifunga kwa bei yake kwa muda uliotajwa. Makisio ni maoni, makadirio ni hesabu, zabuni ni ahadi.

Wapo wanaopendelea kusema tenda, na neno hili limeenea sana mitaani. Hatulipingi katika mazungumzo. Katika maandishi lina kasoro ya kufanana na kitenzi kutenda, hata sentensi "waliotenda kazi" na "waliopata tenda ya kazi" zikakaribiana pasipo sababu. Zabuni ina faida ya kuzaa: kuzabuni, mzabuni, uzabuni. Lakini hapa pia tahadhari yahitajika. Siku hizi mtu anayepeleka vyakula shuleni huitwa mzabuni hata baada ya kushinda na kuanza kazi, na twasikia habari za madeni ya wazabuni. Mzabuni ni mtu aliye katika mashindano. Akishapewa kazi ya ujenzi na kutia saini, yeye ni mkandarasi.

Kuweka, Kupaka na Kuziba

Kuna mkanganyiko wa pili ambao huzidisha ule wa kwanza, nao uko katika jina la kazi yenyewe. Katika jalada tulilolitaja, tangazo lilisema "kuweka lami", barua ya vijana ilisema "kupaka lami", na mkataba ulisema "matengenezo ya lami". Kuweka lami ni kutandika tabaka jipya la kokoto na lami lenye unene wa sentimita kadhaa, kazi ya mashine nzito. Kupaka ni kueneza utando ambao unene wake haufiki hata milimita chache. Kuziba ni kutibu ufa au shimo moja moja. Gharama za kazi hizi hazikaribiani hata kidogo, na mtu anayekadiria mojawapo huku mwenzake akiwazia nyingine hawezi kukubaliana naye kwa bei yoyote.

Kwa kazi hii ya kupaka tunapendekeza utando wa lami, kwa kuwa utando kwa kila Mswahili ni kitu chembamba kinachofunika, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Kwa kazi ya rangi twaona kuchora mistari kunatosha pale palipo na mistari tu, na kuchora alama pale panapoongezwa mishale, herufi au alama ya kiti cha magurudumu. Kivuko cha watembea kwa miguu watu wamekiita pundamilia, kwa kufuata Waingereza walioanza kuvitumia vivuko vya milia mwaka 1951. Jina ni zuri na halina madhara. Bali anayeandika hati ya bei akumbuke kwamba mistari huhesabiwa kwa mita, mishale kwa idadi, na milia ya kivuko kwa mita za mraba. Jina lisilobeba kipimo chake huacha mlango wazi.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayashike maneno haya kama ifuatavyo.

Makisio yawe bei inayotajwa kwa kutazama au kwa kusikia maelezo, kabla ya kupima. Hayamfungi mtu, na hati yake iseme hivyo waziwazi.

Makadirio yawe bei inayotokana na vipimo vilivyoandikwa, kila kipimo kikiwa na bei yake. Hubadilika vipimo vikibadilika, na kwa sababu hiyo vipimo lazima vionekane.

Zabuni iwe bei ambayo mtu ameahidi kufanya kazi iliyoelezwa, kwa masharti yaliyoelezwa, katika muda uliotajwa. Humfunga.

Orodha ya vipimo na bei iwe jina la hati ambayo ofisi nyingi huitaja kwa herufi za Kiingereza tu, BOQ. Mwanakikundi wa Muleba anaposikia herufi hizo hajui kama ametakiwa kuleta karatasi au kifaa. Akisikia orodha ya vipimo na bei, ataleta kamba ya kupimia.

Walimu wa shule za ufundi waweza kufundisha tofauti hizi kwa saa moja, kwa kuwatoa wanafunzi nje. Waulizwe kwanza uwanja una ukubwa gani kwa macho, waandike. Kisha wapime, waandike. Kisha waulizwe ni nani aliye tayari kuupaka wote kwa bei atakayoitaja sasa hivi na kuitia saini. Kimya kitakachofuata swali la tatu ndicho maana ya zabuni.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lastahili kurasa zote hizi. Twajibu kwamba uzito wake umeongezeka. Taratibu za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na tangu 2023 zabuni za umma zimekuwa zikipitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Makundi hayo ndiyo yanayozichukua kazi ndogo kama hizi za maegesho. Tena marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Zamani karani aliyeandika makisio badala ya zabuni aliweza kujitetea kwamba hati halisi ni ile ya Kiingereza. Kinga hiyo haipo tena. Neno la Kiswahili lililoandikwa katika mkataba ndilo hakimu atakalolisoma.

Mkulima wa Bukoba na wa Muleba alikwisha kufundishwa, kwa gharama kubwa, asipokee bei ya kahawa kabla ya mizani. Wajibu wetu sisi wenye kazi ya maneno ni kuhakikisha kwamba mizani hiyo imo pia katika lugha ya hati zetu, ili kijana anayeandika "makisio" asije akasomewa "ahadi".